Kisima chako na choo cha jirani: ramani yasemaje?

MAJI ya mfereji yanapokatika Mombasa kwa siku tatu nne, watu hurudi kwenye visima. Mikokoteni ya madumu hujaa vichochoroni, na kisima ambacho mwenye nyumba alikuwa amekisahau hufunuliwa tena. Je, msomaji, ulipochota mara ya mwisho ulijiuliza shimo la choo lililo karibu na kisima hicho liko umbali gani?

Kisiwa cha Mombasa huletewa maji kutoka mbali, Mzima, Baricho na Marere, na maji hayo hayajapata kuwatosha watu. Mji wa Kale uliishi kwa visima karne nyingi kabla ya mabomba kufika. Wakati huo huo nyumba nyingi kisiwani humwaga uchafu wa choo katika mashimo yaliyochimbwa uani, mengine chini ya nyumba yenyewe. Ardhi yetu ni mwamba wa matumbawe, wenye matundu na nyufa, kwa hiyo maji machafu yanayoingia shimoni hupenya na kwenda zake. Vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu husafiri humo bila kuonekana, na maji hubaki maangavu machoni.

Kanuni inayofuatwa na wengi, na ambayo imo katika miongozo ya kimataifa ya Sphere, ni kwamba shimo la choo liwe mita 30 au zaidi kutoka kwenye kisima, na sakafu yake iwe angalau mita moja na nusu juu ya maji ya ardhini. Katika mwamba wenye nyufa hata mita 30 huenda zisitoshe. Sasa mtazame jirani yako wa Mji wa Kale. Ukuta wake na wako ni mmoja. Mita 30 atazitoa wapi?

Afisa wa afya anayetaka kujua ni visima vingapi vimo hatarini hawezi kupita na utepe kila ua. Hapo ndipo ramani ya kompyuta husaidia, yaani mfumo wa habari za kijiografia. Aina moja ya ramani hizo huitwa rasta. Fikiria daftari la hesabu la mtoto wa shule, lenye miraba midogo iliyopangwa safu kwa safu. Itandaze juu ya kisiwa kizima. Kila mraba hupewa namba: 1 ikiwa ni nyumba, 2 ikiwa ni barabara, 3 ikiwa ni bahari, na kadhalika. Kompyuta haioni kisiwa hata kidogo. Inaona namba tu.

Kupima eneo kwa njia hii ni kuhesabu. Picha za setilaiti za Landsat, zilizo maarufu, zina miraba ya mita 30 kwa 30, maana yake kila mmoja ni mita mraba 900. Kisiwa cha Mombasa kina kilomita mraba zipatazo 14, kwa hiyo kitachukua miraba elfu kumi na tano na mia tano hivi. Zidisha idadi kwa 900 na umemaliza. Taabu huja ukingoni. Mraba ulio ufuoni Kilindini au Tudor nusu yake ni nchi kavu na nusu maji, lakini kompyuta hulazimika kuuita jina moja. Kwa kisiwa kizima makosa hayo hufidiana, huku pakiongezwa na kule pakipunguzwa. Kwa kiwanja cha mtu mmoja hayafidiani na chochote, kwa sababu nyumba kadhaa za Mji wa Kale pamoja na kichochoro chao huingia zote ndani ya mraba mmoja.

Tuje kwenye ukanda wa tahadhari, yaani duara unalozungushia kisima ili kuona ni vyoo vipi vimo ndani yake. Neno hili si geni Mombasa. Fort Jesus ilipoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011, ngome yenyewe ilihesabiwa hekta 2.36, na Mji wa Kale ukawa ukanda wake wa kinga wa hekta 31. Wataalamu wa afya hufanya vivyo hivyo, ila wao hulinda kisima.

Sasa fuatana nami kwa hesabu ndogo. Duara la mita 30 kuzunguka kisima lina mita mraba 2,827. Ukilichora kwa miraba ya mita 30, kompyuta hupima kutoka katikati ya mraba mmoja hadi katikati ya mwingine. Mraba wa kisima unaingia, na minne inayopakana nao kaskazini, kusini, mashariki na magharibi inaingia pia. Ile ya pembeni inaachwa, kwa kuwa kutoka kisimani hadi huko kwa mshazari ni mita 42. Jumla ni miraba mitano, mita mraba 4,500. Umezidisha eneo kwa zaidi ya nusu, na bado kuna choo kilicho kona ya mraba wa pembeni, chini ya mita 30 kutoka kisimani, ambacho kimeachwa nje kana kwamba ni salama! Tumia miraba ya mita 10 na utapata 29, yaani mita mraba 2,900. Ya mita 5 itakupa 113, ambayo ni mita mraba 2,825, karibu sawa kabisa na duara la kweli. Kwa hiyo ukionyeshwa ramani ya rangi nyekundu na kijani, muulize aliyeichora: miraba yako ina ukubwa gani? Ikiwa mraba ni mkubwa kama ukanda wenyewe, ramani hiyo haiwezi kukuambia lolote kuhusu ua wako.

Ubaya mwingine ni wa vipimo vya dunia. Ramani iliyo katika digrii lazima kwanza igeuzwe iwe ya mita. Anayesahau na kuandika 30 atapata ukanda wa digrii 30, zaidi ya kilomita 3,300, unaofika Afrika Kusini. Kosa hilo huchekesha na huonekana upesi. Lisiloonekana ni hili: ramani za karatasi za Kenya za zamani zilifuata kipimo kiitwacho Arc 1960, na simu ya mkononi hufuata WGS 84. Mahali pamoja hutofautiana kwa mita 300 hivi kati ya vipimo hivyo viwili. Hizo zatosha kukitoa kisima mtaani na kukitia baharini.

Umbali nao una mambo yake. Mnamo 1854 Daktari John Snow alichora vifo vya kipindupindu vilivyotokea mtaa wa Soho, London, na akaonyesha kwamba vilizunguka bomba la Broad Street. Watu wengi huijua hadithi hiyo hadi hapo. Katika ramani yake ya pili, ya mwaka 1855, aliongeza mstari wa mahali ambapo mtu angetembea mwendo sawa kwenda bomba hilo au bomba jingine. Alijua kwamba watu huteka maji kwa miguu, wakipinda kona.

Rasta hufanya kazi hiyo kwa kuupa kila mraba gharama yake. Barabara ya lami ni rahisi, kichochoro ni kigumu kidogo, na bahari haipitiki ila penye kivuko. Kompyuta hujumlisha gharama mraba kwa mraba na kuchagua njia nafuu. Mjamzito wa Likoni yuko umbali usiofika kilomita 5 kwa mstari mnyoofu kutoka Hospitali Kuu ya Pwani. Mchoraji akisahau kuizuia bahari, kompyuta itamvusha mama huyo akitembea juu ya maji ya mlango wa Kilindini. Akiizuia, njia inayopitia ferini lazima ihesabiwe pamoja na foleni ya feri kwa dakika.

Ukanda huo huo hutumika dhidi ya mbu. Homa ya dengi ilipovuma Mombasa mwaka 2013, uchunguzi wa nyumba kwa nyumba huko Tudor ulikuta asilimia 13 hivi ya waliopimwa wana dalili katika damu za kuambukizwa karibuni. Mbu wa dengi kwa kawaida haruki mbali, mita mia chache tu, na huzaana katika mapipa na madumu yetu wenyewe. Kwa hiyo ukizungusha duara la mita 200 kwa kila mgonjwa, unajua ni nyua zipi zikaguliwe kwanza. Kwa kazi hii miraba ya mita 10 yatosha sana.

Kwa kisima chako lakini, utepe wa fundi hushinda setilaiti. Simu yenyewe hukosea mita kadhaa, na kati ya kuta ndefu za vichochoro hukosea zaidi. Pima kutoka mdomo wa kisima hadi kila shimo la choo, la kwako na la jirani, ukiomba ruhusa kwa adabu. Ukipata chini ya mita 30, na Mji wa Kale utapata chini ya hapo karibu kila mara, maji hayo yawe ya kudeki, kufulia na kumwagia choo. Ya kunywa na ya kuoshea matunda chemsha hadi yatokote barabara kwa dakika moja, au tia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kisha yahifadhi katika chombo chenye mfuniko. Andika vipimo ulivyopata kwenye karatasi, pamoja na jina la mtaa, umpelekee afisa wa afya wa eneo lako.