Rejeta moto chini, baridi juu? Mzazi, usikimbilie jiko la mkaa

Kwa mzazi aliyekulia Tanga au Mombasa, rejeta ni ile ya gari, inayochemka safarini. Akihamia London au Leicester na watoto, anakutana na nyingine: bapa la chuma lililofungwa ukutani, linalopitisha maji ya moto kutoka kwenye boila ili chumba kipate joto.

Tatizo huonekana msimu wa baridi. Sebuleni kuna joto, chumba cha watoto ni baridi, na bili ya gesi inazidi kupanda.

Hili si la kupuuza. Mwaka 2018, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza kuwa katika nchi za baridi, joto la ndani lisipungue nyuzi 18 za Selsiasi, na huenda likahitajika zaidi kwa watoto, wazee na wagonjwa. Chumba cha baridi hukusanya unyevu, kuta huota ukungu, na ukungu huamsha pumu.

Wazo la kuingiza jiko la mkaa ndani lisikujie kabisa. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala anaweza kufa bila kushtuka.

Gusa kwanza

Washa boila, subiri rejeta ipate moto, kisha iguse kwa uangalifu juu na chini.

Ikiwa juu ni baridi na chini ni moto, hewa imenasa ndani na kuzuia maji kupanda. Hili unaweza kulimaliza mwenyewe:

1. Zima boila, subiri rejeta ipoe ili maji yasikuunguze. Watoto wakae mbali.
2. Tafuta vali ndogo kwenye kona ya juu. Ufunguo wake huuzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi.
3. Kinga kikombe na kitambaa, kisha zungusha ufunguo polepole kinyume cha saa, nusu mzunguko tu. Utasikia hewa ikitoka.
4. Maji yakianza kutiririka, funga.
5. Tazama geji ya boila. Nyingi zinatakiwa kusoma kati ya bar 1 na 1.5 zikiwa zimepoa. Presha ikishuka, fuata kitabu cha boila au muulize fundi.

Ikiwa chini ndiko baridi, huenda tope la kutu limetuama. Rejeta inahitaji kusafishwa na fundi. Kama rejeta nzima ni baridi huku nyingine zikiwaka, angalia koki yake kama imefungwa au imekwama. Sogeza pia kochi au pazia linaloziba joto.

Usifungue boila yenyewe. Uingereza, fundi wa boila ya gesi lazima awe amesajiliwa na Gas Safe.

Kwa mpangaji

Mwarifu mwenye nyumba kwa maandishi, na picha. Huko England, sheria ya mwaka 1985 inamtaka atengeneze mitambo ya kupasha joto kwa mikataba ya chini ya miaka 7. Kama jengo zima linatumia boila moja, muulize msimamizi kabla ya kufungua chochote.

Ukimaliza, weka kipimajoto karibu na kitanda cha mtoto. Kisome usiku, siyo mchana, maana usiku ndipo baridi humkuta amelala.