Dhahabu ya Jalalani na Maji ya Visima Vyetu

Kutafuta riziki katika vyuma chakavu si fedheha. Mwenye kuokota, akapima na kuuza kwa kilo, anafanya kazi ya halali. Tunalotaka kulizungumza leo ni ile dhahabu iliyochovywa juu ya meno ya vibao vya kompyuta na pini za simu, na namna inavyobanduliwa.

Dhahabu hiyo ni ya kweli. Viwanda huitumia kwa sababu haishiki kutu na hupitisha umeme vizuri. Lakini mara nyingi unene wake haufiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Kwa ajili ya medali za Olimpiki ya Tokyo, Wajapani walikusanya, baina ya mwaka 2017 na 2019, takriban tani 79,000 za vifaa vidogo vya umeme na simu za mkononi zaidi ya milioni 6. Dhahabu waliyoipata ni kilo 32 hivi. Mwenye gunia moja la vibao na apige hesabu yake mwenyewe.

Njia ya mkato ni kuvitia vibao katika tindikali uani. Tindikali ya naitriki huyeyusha shaba na nikeli, ikayaacha maganda ya dhahabu. Wakati huohuo hutoa moshi wa rangi ya kahawia unaounguza mapafu, na madhara yake huweza kudhihiri baada ya saa kadhaa, mtu akidhani amesalimika. Tamaa mbele, mauti nyuma.

Na yale maji machafu yaliyobaki humwagwa wapi? Hapo ndipo penye hoja yetu. Sisi ni watu wa visiwa. Sehemu kubwa ya maji tunayokunywa hapa Unguja hutoka chini ya ardhi, katika jiwe la matumbawe lililojaa nyufa. Kinachomwagwa uani leo, kesho kimo kisimani. Faida ni ya mtu mmoja, sumu ni ya mtaa mzima. Mji wa Guiyu, nchini China, uliifanya kazi hii kwa miaka mingi, na watafiti wakakuta risasi nyingi katika damu ya watoto wake.

Hatusemi vibao vitupwe. Tunasema vikusanywe, vichambuliwe kwa mkono bila moto wala tindikali, na viuzwe kwa pamoja kwenye viwanda vyenye mitambo ya kusafishia. Haba na haba hujaza kibaba, na ushirika ndio chombo chake.

Kwa viongozi wa wilaya na halmashauri, tunasisitiza mambo mawili. Kwanza, patengwe mahali pa kukusanyia, penye sakafu na paa. Pili, wananchi wasaidiwe kupata vibali, kwani tangu Januari 2025 Mkataba wa Basel, ambao Tanzania ni mwanachama wake, unataka idhini ya nchi inayopokea kabla taka yoyote ya vifaa vya umeme haijavuka mpaka.

Dhahabu ikikosekana tutaishi. Maji yakiharibika, hatuna kisiwa kingine cha kuhamia.