Mdudu Kibibi: Umbo, Chakula na Tatizo la Fasili

Jina "mdudu kibibi" laelekea kuwa limeigwa kutoka lugha za Ulaya, ambako mdudu huyo alinasibishwa na Bibi Mariamu. Wajerumani humwita Marienkäfer, yaani mbawakawa wa Mariamu. Kuigwa huko si kasoro. Kasoro imo katika fasili. Kumweleza kuwa ni mdudu mdogo mwekundu mwenye madoa meusi ni kumpa msomaji alama isiyotegemeka, kwani miongoni mwa aina zake zipatazo 6,000 wamo wa manjano, wa kahawia na weusi, na wengi hawana doa hata moja.

Alama zilizo thabiti ni za umbo. Mgongo wake umebinuka kama nusu ya mbaazi, na tumbo ni bapa. Vipapasio ni vifupi, vyenye kirungu nchani, na miguu hukunjwa ikafichika chini ya mwili. Akisumbuliwa hutoa katika viungo vya miguu majimaji ya manjano yaliyo machungu. Mbawakawa wengine walao majani, ambao mara nyingi hudhaniwa kuwa ndio yeye, aghalabu wana vipapasio virefu zaidi.

Hata hivyo umbo halimalizi maneno. Aina nyingi hula vidukari na wadudu gamba. Mfano ni Cheilomenes lunata, aonekanaye sana katika mashamba ya Afrika, mweusi mwenye mabaka mekundu au ya manjano. Buu la mla vidukari halifanani na mzazi hata kidogo: ni refu, jeusijeusi, aghalabu lenye mabaka ya rangi ya chungwa, nalo ni lafi mno. Mkulima asiyelijua huliponda akidhani ndilo adui. Manufaa ya jamii hii yalidhihirika California, ambako Rodolia cardinalis, aliyeletwa kutoka Australia mwaka 1888 na 1889, aliiokoa michungwa na mdudu gamba Icerya purchasi.

Lakini jina hilohilo lamhusu pia Henosepilachna elaterii, mharibifu wa maboga, matango na matikiti. Huyu hukwangua nyama ya jani mpaka likabaki kama kimia. Naye ni mwekundu-kahawia, tena ana madoa meusi. Fasili ya rangi yamkaribisha kuliko inavyomkaribisha Cheilomenes! Kinachomfichua ni vinyweleo vifupi vilivyoufunika mgongo wake, hata ukakosa mng'ao. Buu lake ni la manjano, lenye miiba iliyochanua matawi.

Kwa hiyo yafaa kamusi itaje umbo kwanza, kisha itenge "kibibi mla vidukari" na "kibibi mla majani", na rangi iachwe kuwa maelezo ya ziada. Katika wingi, "wadudu kibibi" yafaa kuliko "wadudu vibibi", maadam neno la pili hapa ni sehemu ya jina, wala si hesabu ya mabibi.