Dawa za Gauti na Mlango Mmoja wa Figo

Anayeanza matibabu ya kifua kikuu Laini Saba, Kibera, humeza dawa nne kwa miezi miwili ya mwanzo, mojawapo ikiwa pirazinamidi. Kule Kawangware, mwenye presha huenda ameandikiwa haidroklorothiazaidi ya kupunguza maji na chumvi mwilini. Maradhi ni tofauti, lakini dawa zote mbili hupandisha asidi ya yuriki katika damu. Ikizidi takriban miligramu 6.8 kwa desilita, chembe zake zenye ncha kali zinaweza kujijenga kwenye viungo. Hapo dole gumba la mguu huvimba usiku na kuwaka, hata shuka likawa mzigo. Hiyo ndiyo gauti.

Figo huchuja asidi hii, kisha huirudisha kwenye damu kwa takriban asilimia 90. Mlango mkuu wa kuirudisha ni protini iitwayo URAT1, iliyotambuliwa mwaka 2002. Pirazinamidi huuchochea mlango huo uingize zaidi. Losatani, nayo dawa ya presha, huubana kidogo. Kwa hiyo mwenye presha na gauti ana haki ya kumuuliza daktari kama anaweza kubadilishiwa kidonge.

Ugumu ni kuubana mlango huo peke yake. Figo na utumbo zina milango mingine inayotoa asidi nje, kama ABCG2, na dawa isiyochagua huifunga hiyo pia, ikajipinga yenyewe. Benzibromaroni ilishusha asidi vizuri sana, lakini iliharibu maini ya baadhi ya wagonjwa, na mwaka 2003 ikaondolewa katika nchi nyingi. Lesinuradi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015, ilitishia figo zenyewe. Ndiyo maana naithamini dotinuradi, iliyoidhinishwa Japani mwaka 2020: huibana URAT1 kwa nguvu, na ABCG2 haiigusi sana.

Kwa Nairobi, hata hivyo, ningeanza na alopurinoli, iliyopo tangu 1966 na ya bei nafuu, inayopunguza utengenezaji wa asidi. Mara chache huleta mzio mbaya wa ngozi, hasa kwa wenye jeni ya HLA-B*58:01, hivyo huanzwa kwa miligramu 100 au chini na kupandishwa polepole. Upele ukitokea, iachwe na daktari aonwe mara moja. Diklofenaki ya kununua kemisti kila wiki hutuliza maumivu tu. Asidi hubaki palepale, na figo zinazotakiwa kuitoa ndizo zinazoumia. Mgonjwa wa kifua kikuu naye asikatize dozi kwa sababu ya viungo; amweleze mhudumu, kwani pirazinamidi kwa kawaida hukoma baada ya miezi ile miwili na asidi hushuka.