Spika ya nyumbani

Spika ya nyumbani (pia: kipaza sauti) ni kifaa kinachogeuza umeme unaotoka kwenye redio au amplifaya kuwa sauti. Ndani yake kuna sumaku, koili ya waya mwembamba na koni ya karatasi au plastiki. Umeme ukipita katika koili, sumaku huivuta na kuisukuma, na koni hutikisika pamoja nayo.

Sumaku hudumu miaka mingi. Kinachokufa mapema mara nyingi ni ukingo laini unaoshikilia koni kwenye fremu. Ukingo wa sponji humung'unyuka baada ya miaka 10 hadi 20 hivi, hata kama spika haipigwi, kwa sababu unyevu na mwanga huila sponji. Ukingo wa mpira au kitambaa hudumu zaidi. Anayenunua spika ya mtumba afungue kava ya mbele na kugusa ukingo huo taratibu; ukiacha unga kidoleni, bei ishuke. Fundi anaweza kuubadilisha, mradi koili haijaungua.

Makasha mengi ya kiwandani ni ya unga wa mbao ulioshikanishwa kwa gundi. Yakilowa huvimba. Tabora, mji wa bendi za Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz, umo katika eneo la misitu ya miombo, ambako hupatikana mninga, mbao isiyopinda kirahisi wala kuliwa ovyo na mchwa. Seremala anaweza kuunda kasha jipya la mninga, ila nafasi ya ndani ilingane na ile ya zamani, la sivyo besi itabadilika.

Sabufa zinazopendwa Tanzania hubeba amplifaya, redio na bluetooth katika kasha moja. Ni rahisi kutumia, lakini saketi ikiungua chombo kizima hunyamaza. Kwa mtu anayetaka kukaa na spika miaka 20, ni afadhali spika na amplifaya zitengane.

Wati za "PMPO" zinazoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi ni za kuvutia mnunuzi. Zinazofaa kulinganishwa ni za "RMS". Aidha, amplifaya iliyotengenezwa kwa spika za ohm 8 ikifungiwa za ohm 4 inaweza kupata joto kupita kiasi. Twita nazo huungua hasa pale amplifaya ndogo inapofunguliwa hadi mwisho na sauti kuanza kukwaruza.