Askari na Wakimbizi: Nani Kamleta Mwenziwe?

Machi 2021, mji wa Palma nchini Msumbiji uliposhambuliwa, maelfu ya watu walikimbilia Quitunda, kijiji kilicho kando ya eneo la gesi la Afungi, lililokuwa likilindwa na askari. Ndugu msomaji, ukihesabu askari na wakimbizi kijiji kwa kijiji, huenda ukaona idadi zote mbili zikipanda pamoja. Kipimo cha uwiano cha Karl Pearson hapo hukaribia 1. Kikikaribia -1, moja hupanda nyingine ikishuka. Lakini hakisemi nani kamleta nani. Anayedai askari ndio chanzo cha wakimbizi amesahau jambo la tatu, nalo ni vita, vilivyowaleta wote. Askari wangeondolewa siku ile, mama aliyebeba mtoto asingerudi Palma. Angekimbia mbali zaidi.