Je, Wajua? Bosi Akikubadilishia Kazi

Je, wajua kwamba majukumu yako ya kazi si siri ya ofisi? Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, kinamtaka mwajiri akupe kwa maandishi, unapoanza kazi, maelezo ya kazi utakayofanya. Humo mnakuwamo pia mahali pa kazi, saa za kazi, ujira, tarehe ya kuanza na aina ya mkataba. Kama hukuwahi kupewa, mwenye kosa si wewe.

Na kama ulipewa lakini hukuelewa? Sheria hiyohiyo inasema mwajiri ahakikishe umeelezwa kwa namna unayoielewa. Kukusukumia kurasa sita za Kiingereza na kalamu juu yake, huku dereva anapiga honi nje, hakutoshi.

Je, wajua kwamba mojawapo ya mambo hayo likibadilika, mwajiri ana hatua tatu za kufuata? Kwanza ashauriane nawe. Pili arekebishe maelezo yale ya maandishi. Tatu akujulishe mabadiliko hayo, tena kwa maandishi. Kenya nao wameandika karibu neno kwa neno, katika kifungu cha 10 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Kwa hiyo mtunza stoo anayeambiwa Jumatatu asubuhi, kwa mdomo, mbele ya wenzake, "kuanzia leo wewe ni wa getini", ameonewa kabla hata hatujauliza kama geti lenyewe ni kazi mbaya.

Hapa pana jambo linalochanganya watu wengi. Kushauriana si kuomba ruhusa. Mwajiri ana haki ya kupanga biashara yake, na hahitaji saini yako kila anapokuhamisha dawati au kubadilisha fomu unayojaza. Lakini kushauriana si kutangaza pia. Ukiitwa ofisini ukakuta barua imeshagongwa muhuri na mtu wa kukupokea nafasi keshaketi kwenye kiti chako, hayo ni matangazo. Na kadiri badiliko linavyogusa mzizi wa mkataba, yaani mshahara, cheo, au aina yenyewe ya kazi uliyoajiriwa kuifanya, ndivyo mwajiri anavyohitaji kukubali kwako. Mkataba ni wa watu wawili; mmoja hawezi kuuandika upya peke yake usiku.

"Na kazi nyingine utakazopangiwa na mkuu wako wa kazi." Nani asiyeujua mstari huo? Karibu kila orodha ya majukumu hufungwa hivyo, na mabosi wengi huuona kama hundi isiyojazwa kiasi. Kwa maoni yangu, husomwa kupita kiasi. Umewekwa ili mhasibu asikatae kusaidia kuhesabu mali mwisho wa mwaka, si ili mhasibu awe mpishi wa chai ya wageni. Hata hivyo usiudharau: kama mkataba wako unasema waziwazi kwamba unaweza kuhamishiwa tawi lolote nchini, na wewe ukasaini, kuhamishwa Mwanza kwenda Mtwara hutakuita dhuluma kwa urahisi.

Je, wajua nani anabeba mzigo wa ushahidi? Ikifika kwenye shauri, mwajiri akashindwa kutoa mkataba au maelezo ya maandishi, ni yeye anayepaswa kuthibitisha au kukanusha sharti la kazi linalobishaniwa. Ndivyo ilivyo Tanzania na Kenya. Tanzania inamtaka pia aitunze karatasi hiyo kwa miaka 5 baada ya ajira kukoma. "Faili lilipotea tulipohama ofisi" si utetezi wa maana.

Ukihamishiwa zamu ya usiku, usiku kisheria Tanzania unaanza saa 2 usiku na kuisha saa 12 asubuhi, na kila saa ya usiku ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Mama mjamzito haruhusiwi kupangwa zamu hiyo katika miezi 2 kabla ya tarehe anayotarajiwa kujifungua.

Tena kwa mama, mambo hugeuka: kubadilishiwa kazi kunakuwa haki yake. Mjamzito au anayenyonyesha haruhusiwi kuachwa kwenye kazi yenye hatari kwa afya yake au ya mtoto. Mwajiri atamtafutia kazi nyingine inayofaa, ikiwezekana, na masharti yake yasiwe duni kuliko ya kwanza. Anayemtoa mjamzito kwenye chumba cha kemikali na papo hapo kumpunguzia mshahara "kwa sababu kazi ya sasa ni nyepesi" anavunja sheria huku akijisifu kwa huruma.

Je, wajua kwamba kukataa kazi mpya kunaweza kukukosesha fedha? Hili wengi hawalijui mpaka wameshaumia. Kampuni ikipunguza wafanyakazi Tanzania, anayestahili hulipwa kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka aliokamilisha, hadi miaka 10. Lakini kama ulipewa kazi mbadala, kwa mwajiri huyo au kwa mwingine, ukaikataa bila sababu ya maana, kiinua mgongo hicho unakipoteza. Neno la kushika hapo ni "bila sababu ya maana". Kazi ya nusu mshahara, au iliyo mbali na familia yenye mgonjwa, ina ya kusemewa. Iandike sababu yako, usiiache moyoni. (Kenya kiwango ni kikubwa zaidi: si chini ya siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika.)

Sasa tuje kwa wale wanaotaka kutupa funguo mezani na kuondoka. Sheria ya Tanzania inatambua kwamba mfanyakazi anayeacha kazi kwa sababu mwajiri ameifanya isivumilike anahesabiwa kuwa ameachishwa. Ni mlango halali, ila ni mwembamba. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinatarajia kwamba anayelalamika kutendewa isivyo haki awe ametumia kwanza njia za malalamiko zilizopo kazini, isipokuwa awe na sababu nzuri ya kutofanya hivyo. Anayeondoka kwa hasira bila hata barua moja ya malalamiko amejifungia nje mwenyewe.

Kesi inayotajwa sana kuhusu kuondoka kwa namna hiyo ni ya Uingereza, na kisa chake kina vituko. Mfanyakazi mmoja wa kampuni ya uchimbaji alitoroka kazini mchana kwenda kucheza karata. Akaadhibiwa kwa kusimamishwa siku chache bila malipo, akaishiwa, akaomba alipwe mapema fedha za likizo, akanyimwa. Basi akaacha kazi ili azipate, kisha akadai kwamba amefukuzwa. Baraza la kazi lilimpa ushindi, lakini Mahakama ya Rufani, chini ya Lord Denning, ikaupindua: mwajiri hakuwa amevunja sharti lolote la msingi la mkataba. Somo jingine la kesi hiyo ni kwamba ukikawia mno kazini baada ya kuonewa, utahesabiwa kuwa umekubali. Mwaka 2015 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliegemea kipimo hichohicho cha mkataba.

Kwa hiyo ukikabidhiwa barua ya majukumu mapya, huna haja ya kuichana wala kugombana na karani aliyeileta. Andika "nimeipokea, sijaikubali", weka tarehe, saini, na ubaki na nakala. Kisha andika barua yako, fupi, ya heshima, yenye swali moja: tulishauriana lini?

Je, wajua muda ulionao? Tanzania, mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Migogoro mingine, kama ya kubadilishiwa kazi ungali kazini, ni siku 60. Ukichelewa utaomba kuongezewa muda, na utatakiwa kueleza kwa nini. Huko waweza kwenda na wakili, kiongozi wa chama chako cha wafanyakazi, au mtu mwingine uliyemchagua mwenyewe. Kenya muda ni mrefu, miaka 3, na fidia ya kuachishwa isivyo haki haizidi mishahara ya miezi 12.

Walioko Zanzibar wana sheria yao, ya ajira namba 11 ya mwaka 2005, na polisi, magereza, JWTZ na JKT hawamo katika sheria ya 2004. Wengine wote: itafuteni leo ile karatasi mliyopewa mlipoajiriwa, msome mstari wa majukumu, na kama haipo, mwandikieni mwajiri kuiomba kabla hajawabadilishia chochote.